Mchimba Urani na Daftari Lake



Kila mkulima wa pamba au kahawa anaijua kazi ya karani wa mizani. Unafika chamani na mzigo wako, karani anapima, anaandika kilo kitabuni, kisha anakupa stakabadhi. Ukiipoteza stakabadhi hiyo, na kitabu cha chama nacho kikaliwa na mchwa, siku ya malipo utasema nini? Utaapa kwamba ulileta magunia kumi. Jirani yako atakushuhudia. Lakini mweka hazina atakutazama tu, maana mali isiyoandikwa haina mdomo.

Juma hili nataka tuzungumze juu ya mzigo wa namna nyingine. Huu haupimwi kwa kilo, wala haubebwi kichwani. Mtu huubeba mwilini mwake, hasa mapafuni, wala hausikii uzito wake. Ni mionzi anayoipata mtu afanyaye kazi katika mgodi wa urani. Mzigo huu nao wapaswa kupimwa na kuandikwa, tena kwa uangalifu kuliko pamba, kwa sababu hesabu yake huenda ikadaiwa baada ya miaka ishirini au thelathini.

Huenda ukauliza, "Sisi watu wa kijijini yatuhusu nini?" Yatuhusu. Urani ipo katika ardhi ya Tanzania, huko Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, mkoani Ruvuma. Mwezi wa Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua huko kiwanda cha majaribio cha kuchakata madini hayo. Mahali penye mgodi pana kazi, na penye kazi vijana huenda. Basi yafaa baba, mama na kijana mwenyewe wajue jambo hili mapema, kabla ya mkataba kutiwa sahihi.

Adui asiyeonekana

Urani ni madini yaliyomo katika mwamba. Hayakai yalivyo daima. Polepole sana hugeuka kuwa vitu vingine, kimoja baada ya kingine, na katika kugeuka huko hutoa mionzi. Mojawapo ya vitu hivyo ni radiamu, na radiamu huzaa gesi iitwayo radoni. Gesi hiyo haina rangi, haina harufu, wala haina ladha. Katika shimo lisilo na hewa ya kutosha hujikusanya kama moshi katika jiko lisilo na dirisha, ila moshi hukuonya kwa kukuliza machozi, na radoni haionyi.

Mchimbaji hupata mionzi kwa njia tatu. Ya kwanza ni ile itokayo moja kwa moja katika mwamba na kupenya mwilini. Ya pili ni vumbi la madini analolivuta au kulimeza. Ya tatu ni radoni. Gesi yenyewe huvutwa na kutolewa tena, lakini vitu vinavyozaliwa nayo hunata mapafuni na kuyachoma kidogo kidogo kwa mionzi. Mtu haumwi siku hiyo, wala mwaka huo. Atatoka shimoni akiimba, atajenga nyumba, ataoa, atalea watoto. Kansa ya mapafu, ikimpata, yaweza kuja miaka kumi, ishirini au zaidi baada ya kazi. Na kama mchimbaji huyo huvuta sigara, hatari yake huongezeka sana.

Jambo hili si geni duniani. Huko Schneeberg, Ujerumani, kwa mamia ya miaka wachimbaji wa madini walikuwa wakifa kwa ugonjwa wa kifua ambao watu waliuita ugonjwa wa mlimani. Mwaka 1879 waganga wawili, Härting na Hesse, walionyesha kwamba ugonjwa huo ulikuwa uvimbe mbaya wa mapafu. Kwamba chanzo chake ni radoni, hilo lilikuja kufahamika baadaye.

Mzigo hupimwaje?

Kitu kisichoonekana chawezaje kupimwa? Chawezekana. Mfanyakazi huvaa kifuani beji ndogo yenye chembe maalumu ndani yake. Chembe hizo huhifadhi alama ya mionzi iliyozipiga. Baada ya mwezi mmoja au mitatu beji hupelekwa kwa wapimaji, ambao huzipasha moto chembe zile, nazo hutoa mwanga. Mwanga ukiwa mwingi, mionzi ilikuwa mingi. Ukiwa mdogo, ilikuwa michache.

Lakini beji ya namna hiyo haijui kilichoingia mapafuni. Kwa hiyo hewa ya mgodini nayo hupimwa. Pampu ndogo hunyonya hewa na kuipitisha katika kichujio, na kichujio huchunguzwa kujua vumbi na mazao ya radoni yaliyomo. Kisha karani hutazama mfanyakazi huyu alikaa saa ngapi shimoni, saa ngapi kiwandani, saa ngapi nje. Vyote hukusanywa vikawa tarakimu moja, nayo huandikwa kwa kipimo kiitwacho milisiverti.

Kila binadamu hupata mionzi kidogo kutoka ardhini, angani na katika chakula. Wastani wa dunia ni kama milisiverti 2.4 kwa mwaka. Kwa wafanyakazi wa mionzi, kikomo kinachokubaliwa na mataifa mengi ni wastani wa milisiverti 20 kwa mwaka ukihesabiwa kwa miaka mitano, na mwaka wowote mmoja usipite 50. Tazama hapo: kikomo chenyewe huhesabiwa kwa miaka mitano. Basi asiyeandika kila mwaka atajuaje kama mtu amevuka mpaka?

Mgodi hufa, mtu huhama

Mtu atasema, "Kampuni ya mgodi itaandika, yatosha." La, haitoshi. Sikilizeni habari ya Radium Hill.

Radium Hill ni mahali pakavu katika jimbo la South Australia, nchini Australia. Urani ilichimbwa huko kati ya miaka ya 1952 na 1961. Palikuwa na mji wa wachimbaji na jamaa zao. Madini yalipofungwa mji ulikwisha, na watu wakatawanyika kila upande, kila mtu akitafuta riziki yake.

Miaka mingi baadaye wataalamu walitaka kujua: je, watu wale walipata madhara? Katika vitabu vya mgodi walipata majina ya wafanyakazi 2,574. Vipimo vya hewa ya zamani vilikuwapo, lakini daftari la kila mtu na mzigo wake halikuwapo. Ikawabidi wakadirie kwa kutazama fulani alifanya kazi gani, wapi, kwa muda gani. Tena walipowatafuta watu wenyewe, kadiri ya mmoja katika kila watatu hakupatikana kabisa. Kama yu hai au amekufa, na kama amekufa kwa nini, haikujulikana. Matokeo yalitolewa mwaka 1991. Katika wale waliopatikana, waliofanya kazi chini ya ardhi na kupata mzigo mkubwa zaidi walikuwa wamekufa kwa kansa ya mapafu mara kadhaa kuliko wenzao wa juu ya ardhi.

Hao walikuwa katika nchi tajiri yenye makarani, posta na vitabu vya vifo, na bado theluthi moja walipotea kama maji ya mvua mchangani. Mgodi ulidumu miaka michache. Ugonjwa ulikuja wakati mnyapara amekwisha kustaafu, ofisi imebomolewa, na makaratasi yamewekwa pasipojulikana.

Dawa waliyoitafuta Australia

Australia ni nchi ya majimbo, na kila jimbo lina sheria zake za migodi. Mtu aliweza kufanya kazi miaka mitatu kaskazini katika mgodi wa Ranger, kisha akahamia Olympic Dam huko kusini. Kila mgodi uliandika kwa namna yake, na hapakuwa na mahali pamoja ambapo mizigo miwili hiyo ilijumlishwa.

Kwa hiyo mwaka 2010 liliundwa daftari moja la taifa zima kwa ajili ya wafanyakazi wa migodi na viwanda vya urani. Halikukabidhiwa kampuni yoyote. Linatunzwa na idara ya serikali kuu inayoshughulika na kinga ya mionzi, iitwayo kwa kifupi ARPANSA. Kila baada ya miezi mitatu waajiri hupeleka taarifa: jina la mfanyakazi, tarehe ya kuzaliwa, aina ya kazi yake, na kiasi cha mionzi alichopata. Akihama mgodi, hesabu yake humfuata. Mgodi ukifungwa, hesabu hubaki. Na mfanyakazi mwenyewe, akiwa kazini au akiwa ameacha kazi, aweza kuomba aonyeshwe hesabu yake yote. Kanada ilitangulia zamani. Daftari lake la taifa la vipimo vya mionzi lilianza mwaka 1951.

Kuna pia kanuni ya kimataifa, ya Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki. Yasema kumbukumbu za mionzi za mfanyakazi zitunzwe angalau mpaka afikishe umri wa miaka 75, hata kama amekwisha kufa, na zisitupwe kabla ya miaka 30 tangu alipoacha kazi. Kijana aanzaye kazi akiwa na miaka 20, daftari lake lapaswa kuishi miaka 55. Ni migodi mingapi huishi miaka 55? Ndiyo maana daftari huwekwa mikononi mwa taifa.

Daftari lililofichwa

Lakini kuandika peke yake hakutoshi. Habari ya Marekani yatufundisha hilo.

Tangu mwaka 1950 idara ya afya ya serikali ya Marekani ilikuwa ikiwachunguza wachimbaji wa urani katika majimbo ya magharibi. Miongoni mwao walikuwamo watu wa kabila la Navajo, waliochimba katika nchi yao wenyewe. Waganga walipima hewa ya migodi, walipima damu za watu, waliandika. Ila wachimbaji hawakuambiwa wazi kwamba hewa ile yaweza kuwaua. Daftari lilikuwapo, mwenye daftari hakulisoma. Waliendelea kunywa maji yaliyodondoka katika miamba ya mgodi, na kurudi nyumbani kwa wake zao na nguo zilizojaa vumbi.

Mwaka 1990 Marekani ilipitisha sheria ya kuwalipa fidia, dola 100,000 kwa mchimbaji aliyeugua au kwa jamaa yake. Hapo ndipo thamani ya karatasi ilipoonekana. Sheria ilidai mchimbaji athibitishe kwamba alivuta hewa mbaya kwa kiwango fulani, nacho kilikuwa kikubwa. Mjane aliyeolewa kwa desturi ya kabila lake alidaiwa cheti cha ndoa ambacho hakikuandikwa kamwe. Mtu aliyefanya kazi katika migodi midogo mitatu alidaiwa ushahidi wa migodi ambayo haipo tena. Watu waliokuwa na haki walirudi nyumbani mikono mitupu. Mwaka 2000 ikabidi sheria irekebishwe: kiwango kikapunguzwa sana, na kwa mtu aliyefanya kazi mgodini mwaka mzima, ushahidi wa kazi hiyo ukatosha.

Basi tukumbuke mambo manne. Daftari liwe kwa jina la mtu, si la mgodi tu. Limfuate aendako. Liishi kuliko mgodi. Na mwenyewe aruhusiwe kulisoma. Likikosa moja katika haya, ni kama mtungi wenye tundu.

Daftari si ngao

Hapa nataka tuelewane vizuri. Daftari halizuii mionzi. Kinachozuia ni feni kubwa zinazosukuma hewa safi shimoni, maji ya kulaza vumbi, zamu fupi mahali pabaya, na kinga ya pua na mdomo inapohitajiwa. Mgodi wenye daftari zuri na hewa mbaya ni mgodi mbaya. Tena daftari haliwezi kusema kwa hakika, "Kansa ya fulani ilitoka mgodini," kwa sababu kansa ya mapafu ina visababu vingi. Laweza tu kuonyesha mzigo ulikuwa mkubwa kiasi gani, na waganga na mahakimu wapime uwezekano.

Lakini daftari lina faida wakati mtu angali mzima. Mnyapara akiona tarakimu za fulani zapanda mwezi hata mwezi, anajua pana kasoro: labda feni imeharibika, labda mtu amewekwa mno mahali pamoja. Atamhamisha kabla mpaka haujavukwa. Na kwa kujumlisha hesabu za watu wengi, wataalamu hujifunza. Mengi yanayojulikana leo juu ya radoni na mapafu yametokana na hesabu za wachimbaji wa jana, watu ambao hatuyajui majina yao.

Kwetu je?

Ndugu zetu wa Katanga, wasemao Kiswahili kama sisi, wana Shinkolobwe. Huko ndiko ilikotoka sehemu kubwa ya urani iliyotumika kutengeneza mabomu ya Marekani ya mwaka 1945. Mgodi ulifungwa zamani, lakini baadaye maelfu ya watu walirudi kuchimba kobalti na shaba kwa mikono yao katika ardhi ile ile. Serikali ya Kongo ilipiga marufuku mwanzoni mwa mwaka 2004, na mwezi wa Julai mwaka huo sehemu ya machimbo iliporomoka na kuua watu. Mchimbaji wa namna ile hakuwa na beji, hakuwa na feni, wala hakuwa na mwajiri wa kumwandika. Akiugua leo huko kijijini kwake, nani atajua alibeba mzigo gani?

Tanzania inayo Tume ya Nguvu za Atomiki, ambayo kwa sheria inasimamia kinga ya mionzi. Tume hiyo tayari hupima beji za watu wafanyao kazi na mionzi, kama wale wa vyumba vya eksirei hospitalini. Basi hatuanzi na mikono mitupu. Lakini chumba cha eksirei hakina radoni wala vumbi la mwamba. Mgodi wataka vipimo vya hewa pia, na hesabu ya saa za kila mtu. Jambo hili lapaswa kuwa tayari tangu zamu ya kwanza, kwa maana pumzi ya jana haipimiki leo.

Nanyi jamaa mnaweza kufanya nini? Machache, lakini yana nguvu.

Kijana akiajiriwa, aulize mapema: nani atapima mionzi yangu, nani atatunza hesabu, nami nitaiona lini? Hilo si swali la utovu wa adabu. Ni kama mkulima anayechungulia mshale wa mizani.

Aivae beji yake kila saa ya kazi. Wako wanaoiacha sandukuni ili isipotee, na wako wanaoificha wakiogopa kuhamishwa kazi yenye posho. Mtu huyo amewanyima watoto wake ushahidi.

Jina lake liandikwe namna moja siku zote. Kwetu mtu huyu ni Yohane hapa, John kule, na mahali pengine ni jina la babu yake tu. Karani wa miaka thelathini ijayo ataona watu watatu, na kila mmoja ana theluthi ya mzigo.

Kila mwaka aombe hesabu yake kwa maandishi. Karatasi hiyo, pamoja na mkataba, kitambulisho cha kazi na hati za mshahara, iwekwe nyumbani katika bati au mfuko usiopitisha maji, na mke ajue mahali palipo. Nanyi mliooana, hakikisheni cheti cha ndoa kipo pamoja nazo.

Asirudi nyumbani na nguo za kazi, wala asiwaachie akina mama kuzifua pamoja na za watoto. Aache sigara. Na akienda hospitali hata baada ya miaka ishirini, amwambie mganga wazi, "Nilifanya kazi katika mgodi wa urani tangu mwaka fulani hadi mwaka fulani." Mganga asipoambiwa atatibu kikohozi tu.

Viongozi wa vijiji nao, mkutano ukiitishwa na wenye mgodi, wasiulize habari za ajira na barabara peke yake. Waulize pia, "Daftari la mionzi la vijana wetu litakaa wapi siku mtakapoondoka?" Kwa maana wataondoka. Kila mgodi huondoka. Vijana ndio watakaobaki, wakiwa wazee, wakikaa vivulini mwa miembe. Na siku mmoja wao akianza kukohoa, inafaa awepo karani mahali fulani anayeweza kufungua kitabu na kukuta jina lake.